Mwenye kizunguzungu naye asikilizwe

Anayetembelea magongo hupishwa kiti kwenye daladala kabla hajaomba. Mwenye kizunguzungu hana cha kuonesha. Hana bandeji, hana homa ya kupima kwa kiganja, na uso wake ni uleule wa jana. Akisema dunia inamzunguka, majibu yapo tayari: ni presha hiyo. Akiwa binti, wanawake wanatazamana na kuanza kuhesabu miezi. Akiwa kijana, basi jana alikunywa.

Shangazi yangu aliishi na hali hiyo muda mrefu. Akijigeuza kitandani kuelekea kulia, paa linakwenda mbio na kichefuchefu kinampanda; haipiti dakika, kumetulia. Kutwa nzima yu mzima, anauza maandazi yake. Zahanati aliyokwenda kwanza ilimpima presha, ikawa sawa, akarudi na dawa za malaria hata hivyo. Ukoo nao haukukosa ushauri.

Mwenyewe akajipangia namna ya kuishi. Alfajiri hukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni, kiganja ukutani, ndipo ainuke taratibu. Unga akauhamishia mezani, maana kuinama kwenye beseni kulimpeleka chini. Sufuria za rafu ya juu akazishusha zote. Garini hukaa mbele, dirisha wazi, macho barabarani, kipande cha tangawizi mdomoni. Ndoo ya kutapikia ilikaa chini ya kitanda, na hakupenda mgeni aione.

Aliyemsaidia mwisho alikuwa daktari wa masikio, na alianza kwa swali dogo: kinakuja ukilalia upande gani? Ndani kabisa ya sikio mna vijifereji vitatu vyenye majimaji, ndivyo vinavyouarifu ubongo kichwa kinaelekea wapi. Karibu navyo kuna punje ndogo mno za chokaa. Zikibanduka na kuingia kwenye kifereji, kila ukigeuka sikio linasema unazunguka huku macho yakisema umetulia, na tumbo linalipia ugomvi huo. Daktari humlaza mgonjwa, akakigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka punje zitoke. John Epley wa Marekani aliichapisha njia hiyo mwaka 1992. Haina kisu wala kidonge, na wengi hupata nafuu siku hiyohiyo.

Hatua moja kubwa ya elimu hii ilianza kwa mgonjwa kulalamika. Robert Bárány, daktari wa Vienna, alikuwa akisafisha masikio kwa maji. Mgonjwa mmoja akamwambia anapata kizunguzungu maji yasipokuwa na joto la kutosha. Yakaletwa ya moto zaidi, kizunguzungu kikarudi vilevile, ila macho, yaliyokuwa yakichezacheza kuelekea upande mmoja, safari hii yalielekea mwingine. Daktari mwingine angemwona msumbufu. Bárány aliyafuatilia maneno hayo hadi akapewa Tuzo ya Nobeli ya 1914, habari zikimkuta mateka wa vita nchini Urusi.

Si kila kizunguzungu ni cha punje hizo. Kuna upungufu wa damu, sukari kushuka, kukosa maji mwilini, presha inayoshuka ukisimama ghafla, na dawa nyingine tunazomeza. Kipo pia kisichosubiri kesho: kikija pamoja na mdomo kupinda, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito au kushindwa kabisa kutembea, hicho kinaweza kuwa kiharusi. Hospitali saa hiyohiyo.

Kwa hiyo mtu wa nyumbani kwako akilalamika, mshike asianguke, mkalishe, halafu muulize. Kinakuja ukifanya nini? Kinakaa muda gani? Dunia inazunguka, au unaona giza ukisimama? Masikio yanavuma? Umeanza dawa gani mpya? Yaandike majibu yake kwenye karatasi, nendeni nayo kwa daktari, na presha muiache ipimwe kwa mashine.