Maiti Hatoi Ushahidi

Penye msiba kuna maneno yasiyosemwa jamvini. Husemwa pembeni, karibu na bomba la maji au nyuma ya nyumba: kwamba marehemu uso wake ulisawijika, kwamba jicho moja lilikataa kufumbika, kwamba tumbo lilivimba hata kaburi halijachimbwa. Anayeyasema hushusha sauti, kwa kuwa anajua anatoa hukumu. Maana yake haihitaji kutamkwa: huyu alikuwa na yake. Na akipatikana maiti mwenye uso laini unaofanana na tabasamu, basi huyo kaenda vizuri. Ninakusudia kulipinga jambo hili waziwazi. Mabadiliko ya mwili baada ya kufa hayasemi lolote kuhusu matendo ya mtu, na anayeyasoma kama barua kutoka ahera anamdhulumu mtu asiyeweza tena kujitetea.

Tuanze na huo uso. Moyo ukisimama, damu haina wa kuisukuma, nayo hufanya kama maji yafanyavyo: huteremka. Katika muda wa saa moja au mbili huanza kukusanyika upande wa chini wa mwili, na zikipita saa 8 hadi 12 huwa imeshika, haihami hata mwili ukigeuzwa. Aliyefia chali hupata rangi ya zambarau mgongoni, na waoshaji wakimlaza ubavu huona mabaka yaliyopauka pale mabega na makalio yalipokandamizwa na kitanda, kwa sababu mishipa iliyobanwa haikupokea damu. Aliyeanguka kifudifudi usiku akakutwa asubuhi, damu hiyohiyo imemjaa usoni. Kwenye ngozi nyeusi sana rangi yenyewe huenda isionekane wazi, lakini uso hukolea na kufura. Jirani akiona hivyo anakumbuka deni ambalo marehemu hakulipa, ilhali anachokitazama ni namna mtu alivyolala.

Jicho nalo lina habari yake. Wengi hudhani msuli hutumia nguvu unapokaza tu, lakini hata kulegea kunahitaji nishati, na seli ambazo hazipati tena hewa haziwezi kuitengeneza. Kwanza mwili mzima hulegea. Kisha, baada ya saa 2 hadi 4 hivi, ukakamavu huanza kujitokeza kwenye kope, taya na shingo, ukaenea hadi miguuni, ukafikia kilele kwenye saa ya 12 au karibu yake, halafu misuli yenyewe inapoanza kuharibika ukaachia. Aliyekufa akiwa na homa kali au baada ya kuhangaika sana hukakamaa mapema zaidi. Wazee waliofundisha kwamba roho ikitoka tu macho yafumbwe, kidevu kifungwe kwa kitambaa na viungo vinyooshwe, walikuwa wanafuata saa hii bila kuwa na jina la kitaalamu la kuiita. Kwa hiyo jicho lililokataa kufumbika huenda linatuambia kwamba waliokuwa karibu walichelewa, au kwamba mtu huyu alikufa peke yake. Hilo la pili lingepaswa kututoa machozi, na inauma kuona linageuzwa kuwa shutuma.

Kuhusu kuvimba na kunuka sitarefusha, ila ni lazima liguswe, kwa kuwa ndilo linalotisha zaidi. Matumbo yetu yamejaa bakteria ambao maisha yetu yote wanatusaidia kumeng'enya chakula. Mtu akifa, kinga iliyokuwa ikiwazuia wasivuke mipaka yao hufa naye. Wanaendelea na kazi yao ya siku zote, safari hii wakila nyumba waliyokaa, na hewa wanayoitoa hujaza tumbo. Alama ya kwanza ni baka la kijani upande wa kulia chini ya kitovu, kwa kuwa hapo utumbo mpana unapoanzia upo karibu na ngozi. Hewa hiyo ikisukuma, majimaji meusi huweza kutoka puani na mdomoni. Katika joto la Mombasa au Dar es Salaam mambo haya huja haraka. Katika jokofu la mochwari lenye nyuzijoto 4 hupungua mwendo sana. Jambazi aliyelazwa humo wiki nzima anaweza kutoka akiwa nadhifu kuliko mcha Mungu aliyefia shambani mchana wa Februari.

Ushahidi unaoniridhisha kuliko yote ni wa watoto. Kichanga aliyezaliwa akafa kabla hajanyonya huharibika polepole kuliko mtu mzima. Mtu angeweza kusema: ni kwa sababu hana dhambi. Lakini mtoto wa miezi sita, ambaye naye hakuna anayemhesabia kosa, huharibika kwa njia zilezile za mtu mzima. Tofauti kati ya wawili hawa haimo katika daftari la matendo. Imo tumboni: mmoja alikuwa hajapata bakteria hao, mwingine alishakaa nao.

Kuna watakaosema kwamba Mungu anaweza kutumia maumbile kuonyesha ishara. Anaweza; sibishani na uwezo Wake. Ninachouliza ni kama ametupa sisi ruhusa ya kuisoma. Rafiki zake Ayubu waliusoma mwili wake wenye madonda wakahitimisha kwamba lazima alikosa, na mwishoni mwa kisa hicho katika Biblia Mungu anawakemea wao. Lazaro alipendwa na Yesu, na bado dada yake Martha alionya siku ya nne kwamba maiti ameshaanza kunuka. Qurani inafundisha kwamba mikono na miguu itashuhudia yaliyotendwa, lakini ushahidi huo umewekewa siku yake na Hakimu wake. Anayeutafuta kwenye ubao wa kuoshea amejipa kiti kisicho chake.

Wengine wataleta miili isiyooza. Waislamu wanaamini kwamba ardhi haili miili ya Manabii, na Wakatoliki wana watakatifu kama Bernadette wa Lourdes, aliyefariki mwaka 1879, ambaye mwili wake ulikutwa umehifadhika ulipofukuliwa, ingawa uso na mikono inayoonekana leo imefunikwa kwa nta. Imani hizo sizigusi. Lakini heshima waliyopewa wachache haigeuki kuwa aibu kwa wengine wote. Ingekuwa hivyo, tungewahukumu karibu wazazi wetu wote waliotangulia. Na upo udongo wenye unyevu usiopitisha hewa unaogeuza mafuta ya mwili kuwa kitu kama sabuni, ukahifadhi umbo kwa miaka mingi, liwe ni la mwema au la muovu.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa waoshaji wenyewe. Fiqhi ya Kishafii, ifuatwayo na Waislamu wengi wa pwani, inamtaka mwoshaji afiche ubaya aliouona, ila inampendekezea aseme uzuri. Na wapo wanazuoni wanaoruhusu hata ubaya kutajwa pakiwa na maslahi, kama kuwaonya watu. Ninaielewa nia hiyo, hofu imewarudisha wengi kwenye njia. Hata hivyo, onyo lenye nguvu linajengwa juu ya jambo la kweli, na tukishajua kwamba uso ulisawijika kwa sababu ya jinsi mtu alivyolala, maslahi ya kulitangaza yanatoka wapi? Hata kusema uzuri kuna hatari yake. Mtaani, msiba wa Jumatatu ukisifiwa kwa uso uliong'aa na wa Alhamisi ukapita kimya, kimya hicho kitatafsiriwa, na mjane atalala nacho. Ndiyo maana naona mwoshaji bora ni yule anayewapa wafiwa wote jibu moja. Pazia likiinuliwa, harufu ya udi na kafuri ikitoka, na mtoto wa marehemu akisogea kuuliza baba alikuwaje, mwoshaji anafuta mikono yake na kumwambia: tumemwosha, tumemvika sanda, yuko tayari kuswaliwa.