Mizani Moja kwa Umpendaye na Umchukiaye

Watu husema kuwa gazeti la haki ni lile lisilopendelea upande. Kauli hii ni njema, lakini yataka kufafanuliwa, kwani wako wadhanio kuwa kutopendelea ni kuhesabu mistari: kiongozi huyu akipewa kumi, na mpinzani wake apewe kumi. Kadhi hafanyi hivyo. Yeye humkalisha mdai na mdaiwa mahali pamoja, huwasikiliza kwa masikio yale yale, na humtaka kila mmoja ushahidi. Lakini akisha kusikia, haikati haki nusu kwa nusu. Usawa ni wa kusikiliza na wa kupima, si wa kusifu wala wa kulaumu.

Jambo hili si dogo. Mkulima wa Kalama, katika nchi ya vilima karibu na mji wa Machakos, hakai na Rais wala na mpinzani wa Rais. Na mvuvi wa Lamu hali yake ni hiyo hiyo. Anayoyajua juu yao ni yale aliyoambiwa, na kwa hayo hupiga kura. Akikatiwa nusu ya khabari, ameibiwa kura yake kabla hajaitia sandukuni.

Machakos hiyo hiyo ilitoa mtu aliyeyaonja haya. Paul Ngei, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, alishitakiwa Kapenguria pamoja na Jomo Kenyatta na wenzao wanne, baada ya kukamatwa Oktoba 1952. Wakati ule Serikali ya kikoloni iliyafunga magazeti mengi ya Waafrika. Upande mmoja ukabaki na redio ya Serikali na East African Standard, lililokuwa sauti ya walowezi. Upande wa pili ukabaki hauna ulimi. Hapo usawa ulikufa kabla ya kalamu kushika karatasi. Aprili 1953 wote sita wakahukumiwa. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkubwa wa mashitaka, alikiri kwa kiapo kuwa ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Juu ya hayo, Mei 1960 Gavana Patrick Renison alitangaza kuwa Kenyatta ni kiongozi awapelekaye watu gizani na mautini. Juni 1963 mtu yule yule akawa Waziri Mkuu, na kalamu zilizomlaani zikaanza kumsifu. Je, aliyebadilika ni mtu, au ni kiti alichokalia?

Wala tusidhani kuwa upogo huu uliondoka na Mwingereza. Machi 1975 alipotea mbunge J. M. Kariuki, aliyekuwa mkosoaji wa Serikali. Daily Nation likaandika kuwa yuko Zambia, na hali maiti yake ilikuwa imekwisha kuonekana katika vilima vya Ngong. Gazeti liliomba radhi baadaye. Kosa halikuwa kuichapa kauli ya wakubwa. Kosa ni kuipokea bila ya kuidai ushahidi ambao mnyonge angalidaiwa.

Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 34, inavitaka vyombo vya khabari vya Serikali visipendelee, na viwape nafasi hata wenye rai za kupinga. Hata hivyo, tarehe 30 Januari 2018 Serikali ilizizima televisheni za Citizen, NTV na KTN, siku aliyojiapisha Raila Odinga Nairobi. Basi sheria peke yake haitoshi. Sheria yaweza kumfunga mkono mwandishi. Moyo wake haiufikii, wala moyo wa msomaji.

Naam, na wa msomaji. Gazeti ni bidhaa, na mwenye duka huleta kinunuliwacho. Tukikimbilia kununua aibu za mahasimu wetu, na kuzitupa aibu za watu wetu, tusishangae tukiletewa nusu ya dunia kila asubuhi. Huwezi kumlaumu muuza mizani mbovu, na wewe ndiwe uliyeitaka ipindwe upande wako.

Kipimo ni chepesi, na kila mtu anacho. Isome khabari ya kiongozi umchukiaye, kisha ulifute jina lake na uliweke jina la yule umpendaye. Je, ungeridhika na shahidi huyo mmoja asiyetajwa jina? Ungekubali aliyeshutumiwa asiulizwe neno? Ikiwa la, basi usiikubali kwa hasimu wako pia. Kisha igeuze: zichukue sifa za kiongozi wako, umvike hasimu wako, utazame kama ungedai dalili. Atakayedai dalili mara zote mbili, huyo ndiye mwenye haki ya kulilaumu gazeti kwa upendeleo. Asiyedai ila mara moja, na aanze kuisahihisha mizani iliyomo nyumbani mwake.