Mwamini wa Peke Yake

Kuna jibu nililopewa wiki hii ambalo halijanitoka moyoni. Nilimuuliza kijana mmoja anayechimba dhahabu kule Misisi mbona haonekani tena ibadani hapa Lulimba. Akaniambia kwa utulivu kabisa kwamba kanisa analo ndani ya simu. Akipata mtandao anapakua mahubiri, Jumapili anayasikiliza chumbani, anasali, basi. "Mungu ananisikia, baba. Watu ndio walionishinda."

Si mvivu, huyu. Alitoa faranga zake kununua mabati ya kanisa; mabati hayakuonekana, na waliouliza wakaitwa waasi. Mke wake alipoharibikiwa na mimba, walimwambia mtu mmoja tu ili awaombee, na habari ikawarudia kupitia sokoni. Mtu ameumizwa na wale wale walioitwa ndugu zake. Utamwambia nini?

Hata hivyo, alikofikia sikubaliani nako.

Mahubiri ya simu hayakujui. Mhubiri wa Kinshasa au wa Nairobi hatauliza mbona umekonda, wala hatakukemea ukimpiga mkeo. Hatakuja usiku kushika mti wa kipoyi mama yako akizidiwa na barabara imekuwa tope tupu. Kwetu huku mgonjwa mara nyingi hufika hospitali mabegani mwa watu. Kikitokea kilio, akina mama wa shirika wanafika na unga, ndagala na kuni, kisha wanalala chini pamoja na wafiwa, siku baada ya siku, bila mtu kuwalipa. Na baadhi yao ndio hao hao wenye midomo sokoni, hilo silifichi. Mabega yale na midomo ile ni vya watu wale wale. Sijaona kanisa lililopewa kimoja likakosa kingine.

Pesa ya mabati iulizwe, tena mbele ya wote, daftari likiwa wazi. Lakini aliyejifungia chumbani hawezi kuiuliza. Mwizi wa sadaka hana rafiki mkubwa kuliko mwamini mwaminifu aliyeamua kubaki nyumbani.

Utaniambia Bwana mwenyewe alituelekeza chumbani, tusali mlango umefungwa. Ni kweli, na yeye mwenyewe alikuwa akipanda mlimani kusali peke yake. Ila akishamaliza, alishuka kwa wale kumi na wawili, na mshika mfuko wao alikuwa mwizi. Yohana ameliandika hilo bila kuficha. Bwana alijua, na akaendelea kula nao.

Tena, kwa nini twende mbali wakati mji wa Baraka uko hapa? Tarehe 28 Novemba 1964, siku za vita vya Simba, waasi walifika misheni ya Baraka wakamwamuru Bruda Vittorio Faccin apande gari. Alikataa, wakampiga risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha. Alipotoka akakuta mwenzake amelala chini, naye akaamriwa apande. Akajibu kwamba kama ni kuuawa, afadhali auawe pale pale pamoja na ndugu yake. Akapiga magoti kando ya maiti, akauawa. Siku hiyo hiyo, huko Fizi, Padri Giovanni Didoné aliuawa pamoja na Padri Albert Joubert, mwana wa baba Mfaransa na mama Mkongo. Tarehe 18 Agosti 2024, Kardinali Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri, huko Uvira.

Hao walikuwa mapadri na watawa, utasema, walikuwa wameapa. Sawa. Lakini sisi tuliobatizwa hatukuahidi chochote? Carrara hakumchagua ndugu yake kwa sababu wanapatana. Alipewa, akamkubali, akakaa naye hadi mwisho.

Hapo ndipo ninapoumia, maana hata sisi tunaojaza mabenchi kila Jumapili tunachagua. Tangu 1970 Waprotestanti wa nchi hii tuko chini ya Kanisa la Kristo katika Kongo, kila jumuiya na namba yake: CELPA ya tano, CEPAC ya nane. Namba zilikuwa za daftari, tukazigeuza mipaka. Wa tano akifiwa, wa nane anapita njia. Na kuna ubaya unaozidi huo. Vita vya milimani vimewatenga Wabembe na Wanyamulenge, na wengi wa pande zote mbili ni wabatizwa wanaomwomba Mungu yule yule, tena kwa Kiswahili hiki hiki. Wengi wenu mliokimbilia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, tangu 1996 mlisali kule na watu wa vijiji ambavyo hamjawahi kuvikanyaga, na mkaitana ndugu. Tuliweza ugenini. Kwa nini tushindwe kwetu?

Najua kuna waliozika watoto kwa sababu ya vita hivyo, na siwezi kumwamuru mama kama huyo aketi na nani. Ninaowadai jibu ni wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa. Wao ndio wanaosimama mbele yetu na kuomba kwa ajili ya "wetu" waliokufa, huku wafu wa upande wa pili hawatajwi. Jumapili ijayo wawataje wote.