Usiku wa Fundi wa Kompyuta ni wa Nani?

Maswali mengi tunayoletewa na ndugu wanaotaka kuijua dini huhusu sala, ndoa na mirathi. Miaka hii limeongezeka moja ambalo wazee wetu hawakupata kuulizwa kwa sura hii. Mume ameajiriwa kutunza mitambo ya kompyuta ya benki, au ya kampuni ya simu, au ya hospitali. Saa 12 jioni yumo nyumbani, amekaa na mkewe na watoto wake. Lakini simu imo mkononi, kompyuta iko wazi juu ya meza ya chakula, na akiitwa saa yoyote ya usiku hana budi kuitika. Mke asema, "Mume wangu hayupo." Mume naye asema, "Tangu jioni nimeketi hapa mbele yako, wataka niwepo namna gani?" Je, katika hawa wawili ni yupi asemaye kweli?

Mtu aweza kudhani kuwa hayo ni mambo ya Dar es Salaam na Nairobi tu, wala hayawahusu watu wa shamba. Mimi nimeyasikia Tlawi, katika nchi ya Mbulu, karibu na ziwa lenye jina hilo hilo. Mzee mmoja Mwiraqw, ambaye mwanawe alisoma akapata kazi hiyo mjini, alinieleza jinsi kijana huyo alivyokuja likizo na kompyuta yake begani. Kila siku alikuwa akipanda kilimani kutafuta mahali ambapo simu yashika vizuri, na aliporudi alikula huku akitazama kioo cha simu. "Mwalimu," aliniuliza yule mzee, "huyu mwanangu kazi yake hasa ni nini? Amekaa hapa kwangu wiki nzima, wala sijamwona." Nikamweleza kwa kadiri ya nilivyoweza kwamba mwanawe huchunga mitambo. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hiyo mitambo hailali?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko maelezo yangu, nalo lastahili jawabu. Mitambo hailali, na sababu yake yafahamika. Benki hufunga hesabu za siku baada ya wateja kuondoka. Hapo ndipo kompyuta hujumlisha, hulinganisha na kuandika riba. Programu mpya haziwekwi mchana, maana mchana watu wanatumia mtambo, na kuuzima ni kuwazuilia haja zao. Nakala za akiba hufanywa usiku kwa sababu hiyo hiyo. Basi kazi hii kwa tabia yake hupenda saa zile zile ambazo nyumba huzipenda: saa za baada ya chakula, saa za kulala, na siku za mapumziko. Tena yako mambo yasiyopangwa na mtu. Jumapili tarehe 12 Mei, 2024, nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Durban, Afrika ya Kusini, na intaneti ikazorota katika Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine. Wengi wetu tuliona tu kwamba simu zimekuwa nzito. Lakini wako mafundi ambao Jumapili yao iliishia hapo, wakahangaika kuyapitisha mawasiliano katika njia nyingine zilizosalia. Vivyo hivyo Ijumaa ya tarehe 19 Julai mwaka ule ule, sahihisho moja lenye kosa lililotolewa na kampuni ya CrowdStrike lilizima kompyuta zipatazo milioni 8 na nusu duniani, na nyingi katika hizo zilihitaji mtu akae mbele yake na kuiamsha moja moja kwa mkono.

Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wale wanaosema kwa wepesi kwamba fundi na aizime simu yake magharibi inapoingia, akae na watoto wake, na dunia ijitazame yenyewe. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, fedha za maskini zimo ndani ya mitambo hiyo. Mama mjane wa kijijini aliyetumiwa ada ya mtoto na nduguye wa Arusha hana sanduku jingine. Mtambo ukisimama Jumamosi usiku, yeye ndiye husimama mbele ya wakala na kurudi mikono mitupu. Katika wilaya ya Mbulu kuna hospitali ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955. Na hospitali yoyote iwekayo habari za wagonjwa katika kompyuta yahitaji mtu wa kuitwa kompyuta hiyo inapokataa. Anayekesha ili mwingine apate haki yake, hapana shaka anatenda wema, na sisi tuliolala tuna deni kwake.

Lakini kutokana na ukweli huo mafundi wengine huvuta hoja isiyokuwa sahihi. Husema, "Kazi hii ndiyo iletayo chakula, karo na kodi ya nyumba. Basi kila saa niliyoitoa kwa kazi nimeitoa kwa jamaa yangu, na mke anayelalamika hana shukrani." Hoja hii ina nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli. Kuwatafutia jamaa riziki ya halali ni ibada. Hata hivyo, na tukumbuke kisa cha Salman r.a. na Abu Darda r.a., ambao Mtume s.a.w. aliwafanya ndugu. Salman alimzuru nduguye akamkuta mkewe amejiachilia, hajipambi, na alipomwuliza sababu alijibiwa kwamba nduguyo huyu hana haja tena na dunia. Abu Darda alikuwa akifunga mchana na kusali usiku kucha. Salman akamfanya ale pamoja naye, akamzuia usiku asiinuke mpaka sehemu ya mwisho, ndipo wakasali wote wawili. Akamfahamisha ya kwamba Mola ana haki juu yake, na nafsi yake ina haki, na jamaa yake wana haki, kwa hiyo ampe kila mmoja haki yake. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w., alisema Salman amesema kweli. Sasa na atafakari mwenye hoja: kilichokula haki ya mke yule kilikuwa ni sala na funga, wala haikukubaliwa kuwa udhuru. Ikiwa sala ya hiari haiwezi kuila haki hiyo, sembuse mshahara?

Hata hivyo naona kwamba hesabu ya saa peke yake haitufikishi katika kiini cha jambo. Walinzi wamekuwako siku zote. Wakulima hukesha mashambani mahindi yanapokomaa, wakiwafukuza nguruwe. Mchungaji hukesha penye fisi. Baharia huondoka miezi. Wake zao hawakusema kwamba waume zao wamekuwa vivuli. Walisema tu kwamba wamekwenda kazini, na walijua siku ya kurudi. Mlinzi wa shamba akienda, ameenda. Na akirudi asubuhi, watoto huambiwa wasipige kelele, baba amelala. Kila kitu kina mahali pake. Fundi wa kompyuta hayupo shambani wala hayupo nyumbani. Mtoto amsimulia habari za shule naye aitika "eeh, eeh" pasipo kusikia, na baada ya dakika tano mtoto agundua kuwa alikuwa akisema na ukuta. Kukosekana kwa mtu aliyesafiri huzaa hamu ya kumwona. Kukosekana kwa mtu aliyeketi mbele yako huzaa chuki, kwa kuwa ndani yake mna namna ya uwongo: mwili watoa ushahidi kwamba mtu yupo, na ushahidi huo si wa kweli. Ndiyo maana katika lile shauri la mke na mume nasema kwamba mke amesema kweli, ijapokuwa mume naye hakukusudia kusema uwongo.

Na hapa lazima tuseme jambo ambalo mafundi hawapendi kulisikia. Si kila mwito wa usiku unatoka kwa mwajiri. Mwanadamu hupenda kuhitajiwa. Simu ikilia saa 8 za usiku na mkubwa wa ofisi akisema, "Bila wewe tumekwama," hilo ni sifa. Na mtambo ukiinuka, wote humshukuru. Nyumbani hakuna anayempigia makofi kwa kumwogesha mtoto au kumsikiliza mama mkwe. Basi moyo hukimbilia penye makofi, kisha humwambia mwenyewe kwamba ni wajibu. Nimewajua vijana wema, wenye kuhifadhi sala zao, ambao hawakuitwa na mtu yeyote, nao hufungua kompyuta usiku kwenda kutazama tu kama mambo ni salama.

Kwa akina dada wafanyao kazi hii, mizani imepinda zaidi. Mume akikesha mbele ya kompyuta, jirani husema anawatafutia watoto. Mke akikesha vivyo hivyo, jirani yule yule husema ameitupa nyumba; naye huinuka alfajiri kuwasha jiko kana kwamba alilala. Mwenye kuhukumu kwa namna hiyo hana sababu ila mazoea.

Iko na sehemu nyingine ya deni ambayo haihusu saa. Nyumba ina haki ya kujua kazi ya mtu wake ni nini, angalau uzito wake. Baba aliye fundi wa baiskeli hana shida ya kueleza; mtoto huiona pancha ikizibwa. Mtoto wa fundi wa kompyuta huona baba anaangalia kioo, kama vile yeye mwenyewe anavyokatazwa kuangalia kioo. Iko kazi iliyo nzito zaidi katika jambo hili. Katika Nairobi, kampuni ya Sama iliajiri vijana wa nchi nyingi za Afrika kuchuja yale yanayowekwa na watu katika Facebook. Kutwa nzima walitazama picha za mauaji na za ubakaji ili sisi tusizione. Mwaka 2022 mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika ya Kusini, alifungua kesi Nairobi, na mwaka 2023 wenziwe zaidi ya 180 walifungua yao. Mwezi wa Desemba 2024 ilijulikana kwamba daktari alikuwa amewapima na kuwakuta zaidi ya 140 katika hao na maradhi ya akili yaletwayo na mambo ya kutisha. Walisimulia kwamba mapatano ya siri waliyotia sahihi yaliwafunga midomo hata mbele ya jamaa zao, na wako waliosema ndoa zao zilivunjika. Yaliyomo katika kesi ni ya mahakimu kuamua. Ninachokitazama mimi ni yule mke aliyemwona mumewe akishtuka usiku bila kujua kwa nini. Siri ya mwajiri ni amana, wala haifai kuivunja, lakini mwajiri hana haki ya kuandika mapatano ambayo kwayo mtu hawezi hata kumwambia mkewe, "Leo nimeona mabaya, nivumilie."

Kwani hata waajiri wana hesabu yao. Katika Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yaweka kazi ya kawaida isizidi saa 45 kwa wiki, saa za ziada zisipite 50 katika wiki nne, na zilipwe mara moja na nusu. Kazi baina ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza yake. Na kati ya siku moja ya kazi na nyingine pawe na saa 12 za mapumziko. Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2017, sheria yawataka wenye makampuni makubwa wapatane na wafanyakazi juu ya haki ya kutoshika simu ya kazi baada ya saa za kazi, na mswada wenye shabaha hiyo uliletwa katika Seneti ya Kenya mwaka 2022. Hizo ni hatua njema. Lakini mwajiri ambaye mitambo yake yahitaji mafundi watatu naye ameajiri mmoja, huyo hakuokoa mishahara miwili. Ameichukua kutoka katika nyumba ya yule mmoja, kwa mkewe na watoto wake ambao hawakutia sahihi mapatano yoyote.

Nikiulizwa la kufanya, sina dawa mpya. Wako mafundi waliojiwekea utaratibu wa mlinzi wa shamba, nao nauona kuwa sawa. Kazini kwao kuna simu moja tu ya dharura, ya zile ndogo zenye vitufe. Anayeishika wiki hii ameishika: husema nyumbani kwamba wiki hii mimi ni wa zamu, hulala chumba cha mbele, na watoto hawamtarajii. Jumatatu asubuhi humkabidhi mwenziwe mkononi, na namba yake mwenyewe haijulikani na mtambo wowote. Katika nyumba moja ya namna hiyo binti wa miaka sita humwuliza baba yake mlangoni, kabla ya kumpokea mkoba, "Leo simu iko kwa nani?" Akiambiwa iko kwa mjomba fulani, huenda kuleta daftari lake.