Sauti ya Turubai

Mtu akiniuliza ni kitu gani asikose kuchukua anapokwenda kuwinda wakati wa mvua, baada ya bunduki na maji ya kunywa, nitamjibu bila kusita: turubai jepesi. Hema ni zito. Aliyelibeba hutafuta mapema mahali pa kulisimika, na asubuhi huona uvivu kulikunja. Turubai la nailoni huingia mkobani, na kamba moja iliyofungwa baina ya miti miwili yatosha kuligeuza kuwa nyumba. Pamoja na sifa hizo, turubai hilo hilo ndilo lililonifundisha jambo kuhusu dhamiri ambalo sikulipata katika vitabu vya malezi nilivyofundisha kwa miaka mingi. Nitalieleza lilivyotokea, nisijitetee.

Ilikuwa Desemba 1981. Nilikuwa mwalimu kijana katika chuo cha ualimu, nami nilikuwa nimekata leseni ya kuwinda kongoni mmoja katika misitu ya miyombo kusini mwa Tabora. Mvua zilikuwa zimekwisha kuanza. Miaka ile, baada ya vita vya Kagera, bidhaa zilikuwa adimu madukani, na turubai langu nilipewa na mjomba wangu, mkulima wa tumbaku. Halikuwa na matundu ya kupitishia kamba. Tulikuwa watu watatu: mimi, mwalimu mwenzangu, na mzee mmoja wa Kinyamwezi aliyekuwa hodari wa kufuata nyayo. Mzee ndiye aliyenionyesha la kufanya. Alitia kijiwe katika kila pembe, akakiviringishia nailoni, akafunga kamba shingoni pake kama afungavyo mtu mdomo wa mfuko. Alituonya tusilale chini ya mti wenye tawi kavu, wala ndani ya korongo. Upande ulioinama tuliuelekeza kwenye upepo. Kisha alifunga uzi mfupi kwenye kamba kuu, nje kidogo ya turubai, ili maji yanayoteremka na kamba yadondoke pale badala ya kutufikia.

Kabla hatujalala chini ya turubai hilo usiku wa pili, nilikuwa nimempiga kongoni. Kwa kweli sikustahili kufyatua risasi ile. Mnyama alikuwa mbali, na mwanga ulikuwa umefifia. Ilimpata nyuma ya mbavu, tumboni. Akaruka, akayumba, akaingia kichakani. Tulifuata damu yake hatua kama mia mbili, mara mvua ikashuka pamoja na giza, na damu ikaoshwa machoni petu.

Mzee alisema tulale. Uamuzi ule haukuwa kosa. Mnyama aliyejeruhiwa tumboni akisukumwa huenda mbali zaidi, na kumfuata usiku kwa tochi hafifu katika nchi yenye simba ni kutafuta msiba wa pili. Bila turubai tungelazimika kurudi kijijini, kwa sababu mtu aliyelowa akipigwa na upepo hupoteza joto upesi hata katika nchi zetu, na Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Turubai lilituwezesha kulala karibu na wajibu wetu. Mpaka hapo nalisifu.

Kosa lilikuja alfajiri. Saa kumi na moja hivi mzee alikuwa nje, amejifunika koti lake kuukuu, akichochea moto. Akaniita.

“Mwalimu, mvua imekwisha. Twende.”

“Bado, Mzee. Nasikia inavyopiga.”

“Hiyo unayoisikia ni turubai.”

Sikumwelewa, au tuseme sikutaka kumwelewa. Nailoni iliyovutwa kwa kamba hukuza sauti kama ngozi ya ngoma. Mvua inapokatika, majani ya miti huendelea kudondosha maji kwa muda mrefu, na kila tone likianguka juu ya turubai husikika kama mvua mpya. Ilinibidi nitoe kichwa tu nione mbingu. Sikukitoa. Blanketi lilikuwa na joto, na sauti ile ilikuwa ikiniambia maneno niliyoyapenda. Mzee hakuita tena. Mimi ndiye niliyekuwa na leseni na bunduki, naye aliniheshimu kuliko nilivyostahili.

Tuliondoka saa moja na nusu. Tulimkuta kongoni ukingoni mwa mbuga ndogo, hatua kama mia nne tu kutoka tulipolala. Fisi walikuwa wamebakiza pembe, ngozi na mifupa. Mzee aliinama muda mrefu, akatuita tuone udongo. Alama za fisi zilikuwa na kingo kali, hazikuwa na vishimo vya matone ya mvua. Maana yake walikuja baada ya mvua kukatika. Karibu nazo palikuwa na alama za kwato za kongoni mwenyewe, mahali alipojaribu kusimama mara mbili, tatu. Nazo pia hazikuwa na vishimo. Mvua ilipokwisha alikuwa hai. Mzee alipokuwa akiniita, huenda alikuwa bado hai.

Mwenzangu, kwa nia ya kunifariji, alisema leseni yangu bado safi, tutafute mwingine. Mzee hakugeuka kumtazama. Aliniambia mimi: “Mwalimu, wako umekwisha kumpata.” Tukafungua turubai, tukarudi mikono mitupu.

Wapo watakaosema kwamba hakuna hatia pasipo kujua, nami sikujua. Nimelipima neno hilo kwa miaka zaidi ya 40. Aristotle wa Uyunani alifundisha kwamba mlevi atendaye kosa bila kujua hasameheki kwa kutojua kwake, kwa kuwa kulewa au kutolewa kulikuwa katika uwezo wake. Mimi sikulewa pombe, nililewa ukavu. Kutojua kwangu kulikuwa na upana wa pindo la turubai, na pindo lile lilikuwa karibu na mkono wangu. Wazee wamesema haraka haraka haina baraka. Wamesema pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Jioni ile methali ya kwanza ilikuwa ya kweli. Alfajiri zamu ilikuwa ya ile ya pili. Methali haimwambii mtu saa ngapi abadilishe. Hilo hana budi kutoka nje alione mwenyewe.

Baadaye nilipokuwa mkuu wa chuo, nilipata turubai jingine: ofisi. Siku moja mwanachuo alikuja kuomba ruhusa kwenda kumwona mama yake mgonjwa, nami nikamjibu kwamba kamati itakaa Jumatatu. Alipofika mlangoni nilijiuliza kama ile kamati ilikuwa mvua au sauti ya turubai. Nilimwita nikamtilia sahihi pale pale. Wengine niliwaacha waende bila kuwaita, na sikuweza kuzisoma nyayo zao baadaye.

Simshauri mwindaji alale kwenye mvua ili aonekane mwema. Mtu mwenye baridi hamsaidii mnyama wala binadamu. Achukue turubai lake, tena jepesi, ili lisimzuie kuondoka. Na upande usioelekea upepo auache wazi, atazame kule mnyama alikokwenda. Nami nakuuliza, msomaji, swali ninalojiuliza kila nisikiapo mvua juu ya paa langu la bati: je, umekwisha kutoa kichwa ukatazama?