TAFAKURI YA RAMADHANI – SIKU YA 17: Mwana wa Jirani Naye Aombewe



Ndugu zangu, mama zangu, na vijana wangu wa madrasa. Natumai mmekula daku na mmeswali alfajiri kwa jamaa. Leo mniwie radhi, maneno yatakuwa marefu kidogo. Nina deni nataka kulilipa.

Kama mjuavyo, nusu ya pili ya Ramadhani imeingia na tumeanza kusoma qunuti kwenye witri. Jana usiku niliomba sana. Niliwaombea ndugu zetu wa Gaza. Niliwaombea watu wa Sudan, ambao vita vyao vilianza tarehe 15 Aprili 2023, Ramadhani ya mwaka 1444, watu wakiwa wamefunga. Jeshi na RSF walipopigana, raia ndio waliolipa. Watu zaidi ya milioni 10 wameyahama makwao. Msikiti mzima uliitikia amin, na wengine nilisikia wanalia.

Tulipotoka nikamkuta mama mmoja, mtu mzima, ananisubiri kwenye mlango wa akina mama. Akaniambia, "Ustadh, Allah akutakabalie dua. Lakini mwanangu hukumtaja."

Nilikosa la kujibu.

Mwanawe wengi wenu mwamjua. Jina silitaji hapa, kwa heshima ya familia. Alichukuliwa na watu waliokuja na gari. Hawakuvaa sare, hawakusema wanatoka wapi wala wanampeleka wapi. Mpaka leo hajaonekana, na hakuna mahakama ambayo familia imeambiwa amefikishwa. Kijana yule mimi ndiye niliyemfundisha alifu na be. Na wallahi, sikwenda kwa mamake mpaka baada ya wiki tatu. Kwa nini? Niliogopa. Nilijiambia, "Nikionekana pale, watasema na mimi nimo." Na moyoni nikaongeza lile neno ambalo mtaani tumelizoea: "Hakosi kuna kitu alifanya."

Basi tutazame siku yenyewe ya leo. Tarehe 17 Ramadhani, mwaka wa pili wa Hijra, ndiyo siku ya Badr. Tunapenda kuhadithia ushindi, watu mia tatu na ushei dhidi ya jeshi lililowazidi mara tatu. Lakini hebu leo tuangalie mateka. Waislamu walishika watu kama sabini. Hawa hawakuwa washukiwa. Walikamatwa vitani, na silaha mikononi.

Je, watu wao walibaki wanahangaika hawajui walipo? La. Makka ilijua nani ameuawa na nani ametekwa. Jamaa zao walikuja Madina kuwakomboa. Waliokuwa hawana mali lakini wanajua kuandika, fidia yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Madina. Na miongoni mwa mateka alikuwamo Abul-As, mume wa Bi Zaynab, binti yake Mtume (s.a.w.). Bi Zaynab alikuwa bado yuko Makka. Akatuma mkufu aliopewa na mamake, Bi Khadija, uwe fidia ya mumewe. Mtume alipouona ule mkufu moyo ulimlainika sana. Akawaomba masahaba, wakiridhia, wamwachilie yule mateka na wamrudishie binti yake mkufu wake. Nao wakaridhia.

Sasa fikirini. Bi Zaynab alijua mkufu autume wapi. Mama wa hapa kwetu angeuza hata kitanda, lakini atume wapi? Amuulize nani? Adui wa Badr alikuwa na haki ambayo kijana wa mtaa wetu hana.

Najua kuna atakayesema, "Sheikh, na kama kweli alikosa?" Swali zuri, na tulijibu kwa uadilifu. Hakuna anayesema wahalifu waachwe. Waliopoteza watu wao kwa mikono ya wahalifu nao wana haki, na askari anayefanya kazi yake kwa sheria tunamshukuru. Lakini Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sayyidna Ali kwenda Yemen kuwa kadhi, alimwelekeza asihukumu mpaka asikie upande wa pili. Upande wa pili utasikika vipi kama mwenyewe hajulikani alipo? Mimi na wewe tuliposema "hakosi kuna kitu", tulikuwa tumeshahukumu, tena bila kesi.

Na Katiba yetu ya 2010 haikuficha. Ibara ya 49 inasema aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, aruhusiwe kuwasiliana na wakili, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata ikiwa muda umeisha nje ya saa za kazi. Mkosa na asiyekosa wote wamo humo.

Jambo jingine, na hili linauma. Sisi watu wa Pwani tumelia na vijana kupotea kwa miaka mingi. Mwaka 2024, baada ya maandamano ya Mswada wa Fedha, vijana wa Nairobi na kwingineko nao walianza kuchukuliwa. Wengi hawakuwa Waislamu. Kuna waliosema hapa hapa, "Na wao waonje." Astaghfirullah! Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki ya watu isitutoe kwenye uadilifu. Kabla ya utume, Mtume wetu alihudhuria Hilful Fudhul, mapatano ya kumtetea aliyedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni. Na baada ya Uislamu alisema lau angeitwa tena kwa jambo kama lile, angeitika.

Tufanye nini basi? Haya machache:

*1.* Nenda kamtembelee. Mpelekee futari, kaa naye. Usimuulize maswali ya polisi.

*2.* Funga mdomo na simu. Neno "gaidi" usilipeleke kwenye grupu kama huna ushahidi. Saumu si ya tumbo peke yake.

*3.* Likitokea, msilale. Nendeni kituoni mkaripoti na mpewe namba ya OB. Tafuteni wakili haraka, anaweza kuiomba Mahakama Kuu iamuru mtu huyo aletwe mbele yake. MUHURI na Haki Africa wako hapa hapa Mombasa, na IPOA hupokea malalamiko dhidi ya polisi.

*4.* Mheshimiwa akija na pakiti za unga, mchele na tende, mpokeeni kwa adabu, ni mgeni wenu. Lakini kabla ya kupiga picha muulizeni, "Kuhusu watoto wetu waliopotea umesema nini bungeni?" Uchaguzi wa 2027 atakuja tena. Na atakapokuja tena, muulizeni tena.

Mimi mwenyewe leo baada ya alasiri nakwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Anayetaka tufuatane anikute mlangoni mwa msikiti. Na usiku wa leo kwenye qunuti, baada ya Gaza na Sudan, nitamtaja mwanawe kwa jina lake, mamake akipenda. Nawaomba amin yenu iwe kubwa kama ya jana.

Ewe Mola wetu, kila aliyefichwa mrudishe kwa wazazi wake. Aliyetangulia mrehemu, na wazazi wake wajue alipolala wamzuru. Utusamehe hofu yetu, na utupe ulimi wa haki bila chuki. Amin.

Wabillahi tawfiq. Tukutane kesho siku ya 18, in shaa Allah.