Mfungwa ni Amana

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, mashamba ya mpunga tuyaonayo hapa Wang'uru yalianza kuchimbwa katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, kwa mikono ya wafungwa wa kambi za Mwea. Wali tulao una jasho lao. Basi yatupasa sisi, kabla ya wengine, kuuliza hali ya mfungwa.

Wako wasemao: "Mhalifu na augue, ndiyo malipo yake." Neno hili halina asili katika dini. Hakimu humhukumu mtu kupotewa na uhuru. Hamhukumu kupata kifua kikuu. Na aliye mahabusu hajahukumiwa bado. Pengine amekosa fedha za dhamana tu. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Insan, amewasifu wamlishao mfungwa pamoja na maskini na yatima.

Wema waliotutangulia walilifahamu jambo hili. Kadhi Abu Yusuf alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kwamba wafungwa wapewe chakula na nguo, za baridi na za joto. Katika karne ya 10, huko Baghdad, Waziri Ali bin Isa alimwamuru Sinan bin Thabit apeleke matabibu magerezani kila siku, pamoja na dawa. Nayo Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 51, humbakishia mfungwa haki zake, ila zisizopatana na kifungo.

Sasa tuangalie wajibu wetu. Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita. Mfungwa akifunguliwa mwezi wa tatu, akakosa nauli, akaona haya kwenda zahanati, huacha dawa. Na ugonjwa huweza kurudi ukiwa umezizoea dawa, ukaingia nyumbani kwa mamake na msikitini kwetu. Kwa hiyo tende tupelekazo gerezani katika Ramadhani hazitoshi. Kila msikiti uteue watu wawili: waende kwa idhini ya mkuu wa gereza, wajue nani hutoka lini, wampokee mlangoni, wamfikishe hospitali na karatasi zake za matibabu, na wawatazame watoto aliowaacha.

Nabii Yusuf, alayhis-salaam, alitoka gerezani akakabidhiwa hazina za Misri. Tusimfungie mlango atokaye leo.

Wabillahi tawfiq.